Kusafisha besi kwa ikwalaiza kwenye rekodi za nyumbani: mwongozo kamili

Rekodi nyingi za chumbani huharibikia sehemu moja. Kwenye hedifoni wimbo ni mtamu, lakini ukipelekwa kwenye sabufa ya kinyozi, besi inajaza duka zima na maneno ya mwimbaji hayashikiki. Mtu anarudi kwenye kompyuta, anapandisha sauti ya mwimbaji, anaongeza masafa ya juu ili maneno yatokeze. Wimbo unaanza kuchoma masikio na huko chini bado kumejaa vilevile. Tatizo lilikuwa kati ya Hz 40 na Hz 400 (Hz ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), eneo ambalo maiki, chumba, umeme na vyombo vyote humwaga vitu vyao kwa pamoja.

Dawa iliyozoeleka ni kuchukua ikwalaiza, kifaa cha kupandisha au kushusha masafa unayoyachagua, na kukata kila kitu chini ya Hz 100. Mimi siikubali. Inaondoa kelele kweli, lakini inaondoa pia kifua cha mwimbaji na mwili wa gita, halafu eneo lenye shida kubwa zaidi, Hz 200 hadi 400, linabaki halijaguswa. Njia ninayoieleza hapa inaanza kwa kuuliza kila eneo la chini ni la nani kwenye wimbo huo, kisha inakata pale tu vyombo viwili vinapogombea, au pale ambapo hapana mwenyewe.

Tuchukue mfano mmoja tuubebe hadi mwisho: mwimbaji wa kiume, gita la akustika lililorekodiwa kwa maiki, gita la besi lililochomekwa moja kwa moja kwenye kadi ya sauti, na biti yenye kiki, yaani pigo zito la ngoma ya chini. Chumba kina urefu wa mita 3.6, upana wa mita 3, dari mita 2.8, kuta za tofali za bloku na sakafu ya saruji. Ikwalaiza iliyokuja na programu yako inatosha, iwe ReaEQ ya Reaper, Fruity Parametric EQ 2 ya FL Studio au ile ya Audacity. Nyongeza (plagini) mbili za bure zitakusaidia: SPAN ya Voxengo kwa kuona masafa, na TDR Nova, ikwalaiza inayokata pale tu sauti inapozidi kiwango ulichoweka.

Nani anakaa wapi

Chini ya Hz 40 kuna mitetemo zaidi ya muziki: lori barabarani, mguu unaogonga sakafu, mkono unaogusa stendi ya maiki. Gita la besi la nyuzi nne linaanzia Hz 41, ambayo ni E ya waya mnene ukipigwa wazi. Gita la kawaida linaanzia Hz 82, oktavu moja juu yake. Sauti ya mwanamume anayezungumza hukaa takriban kati ya Hz 85 na 180, ya mwanamke kati ya Hz 165 na 255, na wakiimba hupanda zaidi ya hapo. Kiki ya biti nyingi ina uzito wake kati ya Hz 50 na 80.

Halafu kuna Hz 200 hadi 400, ambako kila mmoja ana mguu wake: joto la sauti ya mwimbaji, mwili wa gita, sehemu ya juu ya besi, na mwangwi wa chumba. Vikirundikana hapo, mwimbaji anasikika kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa.

Hatua ya kwanza: kijue chumba kabla hujagusa kitufe

Kila chumba huvimbisha masafa fulani ya chini kwa sababu ya vipimo vyake. Hesabu ni rahisi. Kwenye joto la nyuzi 30 sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde. Gawa namba hiyo kwa mara mbili ya umbali kati ya kuta mbili zinazotazamana. Kwa chumba chetu, urefu wa mita 3.6 unatoa Hz 48, upana wa mita 3 unatoa Hz 58, na dari ya mita 2.8 inatoa Hz 62.

Sasa ziweke namba hizo kwenye gita la besi. Hz 48 iko jirani kabisa na Hz 49, ambayo ni nota ya G, fereti ya tatu ya waya mnene. Hz 58 ni A iliyopandishwa nusu toni, yaani fereti ya kwanza ya waya wa A, na Hz 62 ni B, fereti ya pili ya waya huohuo. Maana yake ni kwamba ukicheza G ndani ya chumba hiki spika zitanguruma, ukicheza F mlio utarudi wa kawaida, na utadhani mpigaji hana mkono sawa.

Hapa watu wengi wanapotea njia. Gita letu la besi limechomekwa moja kwa moja kwenye kadi, kwa hiyo chumba hakimo kabisa kwenye faili lake. Ule uvimbe wa G unatoka kwenye spika na kuta zako. Ukiukata kwa ikwalaiza, chumbani kwako besi itatulia, lakini kwa msikilizaji mwingine nota ya G itakosekana. Kwa hiyo kila unaposikia nota moja ya besi inazidi, vaa hedifoni kwanza. Ikizidi na kwenye hedifoni, imo kwenye rekodi, ikate. Ikitulia kwenye hedifoni, ni chumba, usiiguse.

Kujaribu chumba, tengeneza mlio mtupu kwenye programu (Audacity ina kitengeneza toni kwenye menyu yake) na upandishe polepole kutoka Hz 30 hadi 200. Andika kwenye karatasi ni wapi mlio unavimba na wapi unapotea. Halafu acha mlio wa Hz 48 uendelee, inuka, tembea. Utausikia mkubwa ukisimama karibu na ukuta na utakuta umenyauka ukifika katikati ya chumba. Ndiyo maana usiweke kiti chako katikati kabisa. Kanuni ya kuanzia ambayo wengi huitumia ni asilimia 38 ya urefu wa chumba kutoka ukuta ulio mbele yako, kwa chumba hiki kama mita 1.4. Sogea mbele au nyuma kidogo kidogo kutoka hapo hadi nota za besi zilingane kadiri inavyowezekana.

Trei za mayai ukutani hazisaidii lolote hapa. Wimbi la Hz 100 lina urefu wa karibu mita 3.5, na trei ya unene wa sentimita chache hailisumbui. Zinapunguza makali ya juu kidogo tu, na chumba kinabaki na besi ileile huku kimekuwa kiza kwa juu. Godoro nene lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji lina faida zaidi, na kabati lililojaa nguo pembeni si la kudharau. Lakini besi ya chumba kidogo cha bloku haitibiwi kwa vitu vya nyumbani. Unaikwepa kwa kuchagua pa kukaa na pa kuweka maiki.

Hatua ya pili: punguza kazi wakati wa kurekodi

Maiki zinazosikiliza upande mmoja, za kadioidi, zina tabia ya kuongeza besi kadiri mdomo unavyozikaribia. Mtu akiimba akiwa na vidole viwili kutoka kwenye maiki, besi inapanda sana, na akirudi nyuma inashuka. Ikwalaiza ya kawaida haiwezi kurekebisha kitu kinachobadilika kila mstari wa wimbo. Shubiri moja kati ya mdomo na maiki, na mwimbaji akae hapohapo, itakuokolea saa nzima ya kazi.

Geuza maiki kidogo pembeni ya mdomo ili pumzi za P na B zipite kando. Soksi ya nailoni iliyovutwa kwenye kitanzi cha waya hufanya kazi ya kizuia pumzi bila wasiwasi. Zima feni na friji wakati wa kurekodi, rekodi vipande vifupi, washa feni katikati. Kama maiki yako ina swichi ya kukata chini, iwashe tu ikiwa kuna mngurumo wa barabara unaousikia, kwa sababu kilichokatwa kabla ya kuingia kwenye faili hakirudi.

Gita la akustika lina kosa lake maarufu: maiki kuelekezwa kwenye tundu. Hewa iliyo ndani ya boksi la gita kubwa inavuma yenyewe karibu na Hz 100, na tundu ndilo linaloutoa mvumo huo. Elekeza maiki pale shingo inapoungana na mwili, karibu na fereti ya 12, sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye nyuzi. Mvumo mwingi unaondoka hapohapo.

Kuna pia umeme. Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa Hz 50, kwa hiyo mvumo wake unakaa kwenye 50, 100, 150, 200 na kuendelea. (Uliyepo Marekani utakuta 60, 120, 180.) Kabla ya kufikiria ikwalaiza, chomoa chaji ya laptopu urekodi kwa betri, mara nyingi mvumo unakatika papo hapo. Kisha hamishia vifaa vyote kwenye soketi moja, na utenganishe waya za maiki na waya za umeme.

Hatua ya tatu: sauti ya mwimbaji

Fungua wimbo wote upige kwa pamoja. Usibonyeze solo. Sauti ikisikika peke yake, kila mtu anaipenda nzito, na ukiifuata raha hiyo utamrudisha mwimbaji palepale alipozama.

Weka kichujio cha kukata chini, kile kinachochorwa kama mstari unaoporomoka upande wa kushoto, mara nyingi kwa herufi HPF. Chagua mteremko wa desibeli 12 kwa oktavu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Maana yake, kila masafa yanapopungua nusu, sauti inashuka desibeli 12. Ukikiweka kwenye Hz 80, pale Hz 80 penyewe kwa kawaida pameshashuka desibeli 3, Hz 40 takriban 12, na Hz 20 takriban 24. Mteremko mkali zaidi unavutia kwa macho, lakini unapindisha zaidi masafa yaliyo jirani juu yake, na kwenye sauti ya mtu huo upindishaji unasikika.

Anza Hz 40, panda polepole huku wimbo ukipiga. Kuna mahali mwimbaji ataanza kusikika amekonda. Simama, rudi chini kiasi cha Hz 10 au 15. Kwa mwimbaji wetu utajikuta kati ya Hz 70 na 90. Kwa mwanamke mara nyingi kati ya 100 na 130. Namba hizi ni za kukupa picha tu, mwimbaji mwenye besi nzito anaweza kukataa hata 75.

Kama mvumo wa umeme ulibaki, ule wa Hz 50 umeshapunguzwa na kichujio. Wa 100 na 150 utaukata kwa vipande vyembamba sana: Q (kipimo cha upana wa kipande, namba ikiwa kubwa kipande ni chembamba) ya 20 au zaidi, kushuka desibeli 10 hivi, kimoja kimoja. Usitumie Q pana, kwa kuwa Hz 100 hadi 150 ndipo sauti ya mwanamume inaposimama. Ukiona unahitaji vipande zaidi ya vitatu au vinne, rekodi upya.

Pumzi za P na B zishughulikie moja moja. Neno kama "pepo" au "baba" likigonga, likuze kwenye skrini. Utaona wimbi kubwa, pana, lenye mawimbi machache, mwanzoni mwa silabi. Chagua kipande hicho tu, kikate chini kwenye Hz 150 au hata 200, laini kingo zake, basi. Ni kazi ya dakika chache, na inamwacha mwimbaji mzima kwenye maneno mengine yote. Kumkata mwimbaji Hz 150 wimbo mzima kwa ajili ya P mbili ni hasara tupu.

Sasa Hz 200 hadi 400. Mafunzo mengi yanakuambia upandishe kengele nyembamba, ule mkunjo wa ikwalaiza unaogusa eneo moja tu, kwa desibeli 12, uizungushe hadi usikie pabaya, kisha ukate. Shida ni kwamba ukipandisha desibeli 12 kila mahali panakuwa pabaya, na unaishia na mashimo matano kwenye sauti isiyokuwa na kosa. Fanya kinyume. Tengeneza kengele ya kukata, Q kama 1.5, shusha desibeli 5, kisha izungushe polepole kutoka 150 hadi 500 huku wimbo wote ukipiga. Mahali fulani maneno yataanza kueleweka na gita litaonekana kupata pumzi. Kaa hapo. Kisha punguza ule ukataji hadi desibeli 2 au 3, uone kama faida bado ipo. Mara nyingi ipo.

Kabla ya kujisifu, linganisha. Ukikata besi, sauti nzima inashuka, na sikio hupenda chenye kelele zaidi hata kama ni kibaya. Rudisha ujazo wa kutoka kwenye ikwalaiza kwa desibeli zile zilizopotea, ndipo uwashe na kuzima. Kama hujui ni ipi bora ukiwa umefumba macho, iondoe.

Kwa mwimbaji aliyekuwa akisogea na kurudi, kengele ya kudumu haitamfaa. Hapo tumia TDR Nova: weka bendi moja karibu na Hz 180, iwe pana, na kizingiti ambacho kinaguswa tu anapokaribia maiki. Mistari ya mbali itabaki na mwili wake.

Mpangilio: kichujio cha kukata chini kitangulie kompresa, kifaa kinachoshusha sauti kila inapozidi kiwango fulani. Mngurumo una nguvu nyingi hata kama husikii vizuri, na kompresa huubana wimbo mzima kwa sababu yake. Marekebisho ya Hz 200 hadi 400 yanaweza kuja kabla au baada. Mimi huyaweka baada, kwa kuwa kompresa yenyewe huinua sehemu hiyo.

Hatua ya nne: gita

Gita likiwa na mwimbaji tu, liachie mwili: kata chini kwenye Hz 70 na uliache. Kukiwa na gita la besi, gita la akustika halina kazi chini ya Hz 100, na unaweza kukipandisha kichujio hadi 120 au 150 bila msikilizaji kugundua. Ukilisikiliza peke yake litakuwa jembamba. Ni sawa, halipigi peke yake.

Wanaorekodi muziki wa dansi wanajua tabu ya aina yake: ridhimu, solo la kwanza, solo la pili, yote yakitembea kwenye shingo ileile. Hapo usiyakate yote mahali pamoja. Ridhimu liache na Hz 200 yake, solo la kwanza likate kidogo kwenye 250, la pili kwenye 350, kwa desibeli 2 au 3 tu kila mmoja. Na kabla ya ikwalaiza, muulize mpigaji wa pili kama anaweza kupanda fereti tano juu. Mpangilio mzuri wa nota unashinda plagini yoyote.

Hatua ya tano: kiki na besi

Hapa ndipo wimbo unapopatikana au kupotea, kwa hiyo usiwe na haraka.

Kwanza amua nani anakaa chini kabisa. Fungua SPAN kwenye kiki, kisha kwenye besi. Ongeza ukubwa wa bloku hadi angalau 8192; ukirekodi kwa sampuli 44100 kwa sekunde, kila hatua ya mchoro inakuwa na upana wa kama Hz 5. Ukiacha 2048, hatua moja ni zaidi ya Hz 21, na E ya 41 na A ya 55 zitaonekana kitu kimoja. Tazama kilele cha kiki. Tuseme kiko Hz 60. Mpigaji wetu wa besi anacheza zaidi kwenye A na D, yaani Hz 55 na 73. Wote wawili wanataka chumba kimoja.

Una njia mbili. Ya kwanza, kiki iwe bwana wa Hz 60: kwenye besi kata desibeli 3 pale kwa Q ya 1.5, na uipe besi desibeli 2 karibu na Hz 100 hadi 120, ambako nota zake zinatambulika. Ya pili, besi itawale chini: kiki uikate chini kwenye Hz 45, uipunguze kidogo kwenye 60, na uiongeze kati ya Hz 2,000 na 4,000 ili pigo lake lisikike kwa mguso badala ya uzito. Nyimbo za kucheza huenda vizuri na ya kwanza. Nyimbo za gita, ambako besi ndiyo inayoimba, huenda na ya pili. Usifanye zote kwa pamoja, utakuwa umewanyima wote.

Pili, angalia kama mawimbi yao yanavutana. Kuza mchoro mahali kiki na besi vinapoanza pamoja. Kama wimbi la kiki linaanza kwa kupanda na la besi linaanza kwa kushuka, yanafutana na hakuna ikwalaiza itakayorudisha kilichofutika. Bonyeza kitufe cha kugeuza polariti (kupindua wimbi juu chini) kwenye besi, chenye alama ya duara lililokatwa na mstari, na usikilize: upande wenye uzito zaidi ndio wako. Rudia jaribio hili kila unapobadilisha kichujio cha kukata chini, kwa sababu kichujio chenyewe husogeza fezi, yaani wakati wimbi linapopanda na kushuka, karibu na mahali kinapokata. Kichujio cha desibeli 24 kwa oktavu kwenye Hz 40 ya besi kinaweza kuibadilisha kiki iliyokuwa nzuri dakika iliyopita. Baadhi ya ikwalaiza zina chaguo la kutosogeza fezi. Kwenye kiki chaguo hilo linaweza kuleta mlio hafifu unaotangulia pigo, kwa hiyo libaki limezimwa.

Tatu, urefu. Besi chafu mara nyingi ni besi ndefu. Chukua singeli ya mapigo 240 kwa dakika: pigo moja lina robo sekunde. Wimbi moja la Hz 40 linachukua milisekunde 25, kwa hiyo ndani ya pigo yanaingia mawimbi kumi tu. Kiki yenye mkia wa nusu sekunde inalala juu ya kiki inayofuata hadi inapoanza ya baada yake, na mngurumo hauishi. Ukikata kwa ikwalaiza, unapoteza uzito na mngurumo unabaki. Fupisha mkia wa sampuli yenyewe, kisha rudi kwenye ikwalaiza. Utakuta huna la kukata.

Besi za mtindo wa amapiano, zile za logi dramu zinazoteleza kutoka nota hadi nota, hazikubali kengele ya kudumu kwa sababu hazikai mahali pamoja. Hapo kiki iwe ndogo na fupi, au utumie kompresa inayoisukuma besi chini kwa muda mfupi kila kiki inapopiga.

Ukiwa na biti iliyokwisha kuchanganywa

Wengi wanaimba juu ya biti ya faili moja. Huwezi kumgusa mpiga besi peke yake, lakini una nafasi ndogo. Kata biti desibeli 1.5 hadi 2 karibu na Hz 250, kwa Q pana ya 0.7, ili mwimbaji aingie. Kama ikwalaiza yako inaweza kushughulikia katikati na pembeni kando kando, kata chini pembeni kwenye Hz 120 ili besi isimame katikati. Zaidi ya hapo, omba faili za kila chombo kwa aliyetengeneza.

Hatua ya sita: kuhakiki

Sikio halisikii besi kwa kiwango kimoja kwenye kila ujazo. Fletcher na Munson walipima jambo hili kwenye maabara ya Bell mwaka 1933: sauti ikiwa ndogo, besi inaonekana imepotea. Ukimiksi kwa sauti ndogo usiku utaongeza besi kupita kiasi. Ukimiksi kwa kelele utaipunguza. Chagua ujazo mmoja wa wastani, ambao unaweza kuongea na mtu bila kupaza sauti, weka alama kwenye kitufe, na maamuzi yote ya besi yafanye hapo.

Ingiza kwenye programu wimbo mmoja unaoujua vizuri wa aina yako, ushushe hadi ulingane na wako kwa ujazo, na ruka huku na huku kila dakika chache. Nyimbo zilizotolewa huwa na kelele zaidi, usipoushusha utadanganyika.

Kisha toka nje ya chumba. Simu haitoi kitu cha maana chini ya Hz 300 hivi, kwa hiyo jaribio lake ni moja: nota za besi zinafuatika? Sikio lina uwezo wa kuijua nota hata msingi wake ukikosekana, mradi milio yake ya juu ipo. Kama besi imepotea kabisa kwenye simu, usiongeze Hz 60. Ongeza desibeli 2 karibu na Hz 700 hadi 1,000 kwenye besi, au iwekee plagini ya kuikwaruza kidogo. Kwenye sabufa, sikiliza kama kuna nota moja inayozidi nyingine zote. Kwenye gari, funga madirisha na usikilize maneno ya ubeti wa kwanza. Yakikupotea, rudi Hz 200 hadi 400.

Kwenye njia kuu ya wimbo mzima usiweke kichujio cha kukata chini kwa mazoea. Kama kila chombo kimeshasafishwa hakina kazi, na kikiwekwa Hz 40 kinavuruga ule mpangilio wa kiki na besi uliouhangaikia. Kikiwepo, kiwe Hz 20 au 25, mteremko wa upole. Na ukimpelekea mtu wa masta, yule anayeukamilisha wimbo kabla ya kutolewa, mpe faili la WAV lisilo na limita (kifaa cha kuzuia vilele vya sauti), lililoacha desibeli kadhaa juu, pamoja na karatasi yako ya chumba, ajue kwamba wewe ulimiksi mahali ambapo Hz 48 huvimba na huenda besi yako ikawa imepungua hapo.